Nywele za Tausi

Nasike na Sifuna,

Chai iko kwa thamosi. Baba yenu akipiga simu kutoka kazini, mwambieni nimeenda Chwele kwa babu yenu.

Najua mlisikia vile nilipiga kelele jana. Nilimkuta babu zizini na nywele za Tausi mkononi, na huyo mtoto wa farasi shingo imebaki upara. Nikamwambia ati anamnyoa apate nyuzi za uta wa siiriri, hiyo fidla yake. Mimi, ambaye tangu niolewe hata mkono simpi baba mkwe kwa heshima! Alichukua kofia, akarudi kwake.

Leo asubuhi nimempelekea Tausi maji. Si nimempata amepenyeza shingo katikati ya seng'enge, anakula nyasi ya nepia niliyopanda mimi mwenyewe! Kila akirudisha kichwa, nywele zinabaki kwa miiba. Babu alikuwa anaziokota hapo tu. Tena alikuwa ameanza kufunga hiyo miiba na magunia. Amefika nguzo ya tatu.

Kateni nepia yote iliyo karibu na ua, mumlishe Tausi ndani. Sifuna, usimshike shingo, ina vidonda.

~~Malizieni kufunga magunia.~~ Hapana, yaacheni vile yalivyo.

Siwezi kusimama mbele ya babu. Nitakaa nje, shangazi yenu aingie aniombee msamaha. Nitamwambia aongeze moja tu: nguzo nne zimebaki, na hakuna mtu amezigusa, zinamngoja yeye.

Mama