Wimbo Usio wa Uwanjani

Jumapili, 2 Julai 1972

Ngwaa! Mpira wa kikapu unagonga chuma cha goli, unaruka nje. Sauti hiyo haijanitoka tangu jana. Goli letu halina wavu, chuma kitupu, kwa hiyo kila mpira unaokosa unalia hadi uwanja mzima unasikia. Jana umelia sana. Lindi 41, sisi 18. Mechi ya nne, na ya nne tumefungwa.

Mwezi wa Mei tulikuwa washangiliaji ishirini. Tumebaki saba. Mimi na filimbi yangu, Lucinda na debe lake. Vijana wa Lindi walitucheka: dada zetu, mnashangilia au mnalia matanga? Lucinda akawajibu palepale: "Tunawalilia nyie, mtafikaje kwenu na miguu myembamba hivyo!" Hata Adelino, kapteni wetu, alicheka. Macho yalikuwa yamemlowa. Jasho. Nataka kuamini lilikuwa jasho.

Nyimbo zetu zimechakaa. Kila shule inazo. Laiti ningepata mmoja tu, mpya!

Jumatano, 5 Julai

Nimemkuta Lucinda kwenye bomba la bweni anafua, anaimba kwa kuguna. Sauti inapanda mara tatu, halafu inashuka ghafla, kama mtu anayeruka mtaro. Niliisikia miguuni.

"Nifundishe."

Akashtuka. "Huu? Huu si wa uwanjani, Martha."

"Wa wapi?"

"Wa kwetu Mahurunga. Wa unyagoni, tunapofundwa. We hujachezwa, shoga, usiniulize." Akanirushia maji, akacheka.

Sikucheka. Nina miaka kumi na tisa, wenzangu wengi hapa wamechezwa, wanaelewana kwa jicho tu. Sisi tumetoka Iringa kwa kazi ya Baba, na Baba anauita unyago ushamba. Mimi nimebaki mlangoni.

Wimbo nimeushika wote. Maneno yake sikuyasikia, wala sina haja nayo. Nimetunga yangu.

Jumapili, 9 Julai

Sijala tangu jana. Niandike.

Ijumaa, Lucinda akiwa zamu ya jikoni, niliwafundisha wenzangu watano. Wote wa mjini, wa makabila mengine. Hakuna aliyeutambua. Nilijisifu moyoni.

Jana, mechi na Masasi. Mapumziko tuko nyuma kwa pointi tisa. Nikapuliza filimbi, nikaanzisha. Ee Mungu, ulivyopokewa! Wavulana waliinua vichwa. Adelino akafunga, akafunga tena, akafunga tena. Debe la Lucinda lilikuwa limenyamaza. Nililisikia limenyamaza, na sikugeuka.

Kisha nikawaona akina mama wanaouza mihogo ukingoni. Wamesimama wote. Bi Sabina, kungwi wao, akajifunika kanga usoni, akakatiza uwanja katikati ya wachezaji. Refa anapiga filimbi, yeye hasikii.

"Nyamazeni! Mambo ya ndani mnayaanika mbele ya wanaume?"

Mimi hakunigusa. Alimwendea Lucinda.

"Wewe ndiye wa Mahurunga. Huyu wa Iringa hakuuota wimbo wetu. Umemuuzia kwa bei gani?"

Lucinda alinitazama. Mara moja tu. Akanyamaza.

Na mimi nikanyamaza.

Mechi iliendelea, hatuimbi. Masasi 30, sisi 29, mpira wa mwisho mkononi mwa Adelino.

Ngwaa!

Jumanne, 11 Julai

Bibi Joana, bibi yake Lucinda, amekuja kutoka Mahurunga kumchukua. Godoro, sanduku la bati, basi. Hatarudi shule hadi neno hili liishe. Na haliishi! Wanawake wa kule wamesema mdogo wa kike wa Lucinda hatapokewa ngomani mwaka huu, maana nyumba yao imetoa siri nje.

Lucinda hakunitaja. Hata kwa bibi yake.

Adelino aliniuliza ni nani hasa aliyeutoa ule wimbo. Nikasema sijui.

Sijui!

Alhamisi, 13 Julai

Nimekwenda kwa Bi Sabina, mtaa wa Likombe. Nimesema yote, nimesimama. Kwamba Lucinda alinikatalia, kwamba niliiba. Alikuwa anamenya mihogo, hakuinua macho.

"Umeimba, na hujachezwa?"

"Ndiyo, mama."

"Basi aliyeingia kwa dirisha huingizwa kwa mlango. Nenda Mahurunga ukachezwe. Ukiwa mwali wao, wimbo utakuwa haujatoka nje. Mwenzio atapona, na mdogo wake."

Jioni nimemwambia Baba. Amesema hakunisomesha hadi kidato cha nne nikanyolewe kichwa porini, na nikitoka nyumba hii kwa jambo hilo nisirudi. Mama aliendelea kukunja nguo. Shati moja amelikunja mara tatu.

Jumamosi, 15 Julai. Mahurunga

Filimbi nimemwachia Fatuma, mmoja wa washangiliaji wenzangu. Barua nimeiweka juu ya redio ya Baba, pale atakapoiona kabla ya taarifa ya habari. Nikapanda lori la alfajiri.

Bibi Joana amenipokea kwa maneno machache. Lucinda ameniletea maji ya kunawa bila salamu. Amekaa mbali. Halafu:

"Leo wanacheza saa ngapi?"

"Saa kumi. Na Newala."

"Watafungwa."

"Watafungwa."

Mabega yamemtikisika. Sikujua anacheka au analia, kanga ilikuwa mdomoni.

Sasa ni saa kumi. Mpira umeshatupwa. Ndani wanawake wanapasha moto ngozi za ngoma. Bibi Joana anasema daftari halivuki mlango huu, niliache nje, kwa hiyo naandika haraka. Kichwa kina baridi, upepo unapita moja kwa moja. Nywele zangu zimo kwenye ungo, miguuni pa Lucinda. Hajazitazama bado.