Mtama Ulionikaukia

Mjukuu wangu Mwaja,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Hapa Nkuhungu hatujambo. Babu yako sasa anatembea bila mkongojo.

Unauliza kama uwaambie wafadhili kwamba utafiti wako umeharibika. Nilipokuwa mhadhiri kijana, nilipata ufadhili wa kusafiri kwenda mkutanoni kueleza mtama wangu wa majaribio. Kisha mvua zikakatika, shamba lote likakauka. Nilitamani kuficha, lakini nikawaandikia ukweli, nikijua safari imekufa.

Jibu likaja: "Njoo hivyo hivyo. Wengi wetu mtama umetukaukia, ila hakuna anayesema."

Nilikaa chini pale pale koridoni, nikacheka huku machozi yananitoka. Nilikwenda, wakaniuliza maswali mpaka chai ikapoa.

Waandikie, mama. Utapumua.

Bibi yako anayekuombea