Trekta la Kudumu Maisha

Mwanangu Radojka,

Supu ya maharage iko jikoni, iongeze maji kidogo. Mbwa hajala, hata akikuapia kwamba ameshakula.

Nimeenda mjini Valjevo kununua lile trekta dogo la shamba la plamu. Asubuhi, ulipokuwa unakamua maziwa, nilimwambia mumeo nataka trekta la kudumu maisha. Nebojša akacheka: “Baba, kwa miaka yako sabini na minane, si lolote tu litadumu!” Nikamaliza kahawa yangu. Kisha nikavaa kofia.

~~Msinisubiri kwa chakula.~~ Nitarudi na basi la saa kumi, niwekeeni supu.

Trekta jekundu na la bluu yote mawili ni imara. Nimeyalinganisha tangu theluji ianze, injini kwa injini, nikashindwa kuamua. Basi wiki iliyopita nilikwenda kuwaangalia mafundi wa kuyatengeneza yakiharibika. Fundi wa jekundu ana umri kama wangu na anakohoa. Fundi wa la bluu anaitwa Miloje, ana miaka thelathini, havuti sigara na juzi ameoa. Nachukua la bluu.

Usitoke mchana. Watu wa duka watakupigia simu wapate namba ya kitambulisho chako, kwa sababu naliandikisha kwa jina lako. Miaka kumi na moja unapogoa ile miti peke yako, na mimi nakuona kutoka dirishani. Maisha niliyoyasema asubuhi ni yako.

Nebojša anaruhusiwa kuliosha.

Baba mkwe