Mama mukwe ndani ya gari yangu ndogo

Hénock, nimekaa tu ndani ya gari hapa Kapata, mikono kwenye usukani.

Unajua namna ninavyoisifu: lita tano na nusu kwa kilometa mia, nimepima mwenyewe, na watu wanne wanakaa vizuri.

Leo nimembeba mama mukwe, Mama Tshibola. Magoti yake yakakataa kuingia nyuma. Akakaa mbele, kando yangu. Kando yangu, Hénock! Na sisi Baluba, mukwe hagusi hata mkono wa mama mukwe.

Akasinzia. Kichwa kikaniangukia begani. Kilometa kumi na mbili, begani. Sikusogea.

Tulipofika akaamka, akaniangalia.

“Mukwe, tafuta mbuzi wa kufuta haya hii. Na usimlete na gari yako, atakosa pa kuweka miguu.”