Ufunguo wa Sanduku la Hundi

Songea, dukani karibu na boma

Mke wangu Mama Asha,

Nakusalimu salamu za mtu aliyekuwaza mpaka chai ikapoa. Mimi mzima, ila kwa baridi ya huku nalala na kanzu mbili. Wewe hujambo? Mguu wa mama umepona? Mfikishie shikamoo yangu.

Barua yako imefika. Nilicheka kusoma kwamba Asha anatembea, nikaacha kucheka niliposoma kwamba anamwita mjomba wake baba. Imeniuma, sikufichi. Nilimwacha hajaota hata jino. Mara mbili nimeomba ruhusa, na mara mbili tajiri amenijibu, "Karani, funga daftari kwanza." Nalo halifungiki kwa sababu ya hundi.

Wateja wetu huchukua nguo hapa kwa mkopo, hununua nta vijijini, huiteremsha huko Lindi na kulipwa hundi na wafanyabiashara wa huko. Hundi hiyo wanaipandisha Songea kulipia deni, mimi naiandika daftarini, kisha tunaiteremsha tena Lindi ikalipwe. Karatasi moja inapita pori la Tunduru mara mbili, bure! Nyingine huloa mtoni, ugomvi ukaanza.

Nikamwambia tajiri: tupeleke sanduku Lindi, dukani kwa ndugu yako. Mteja akilipwa, atumbukize hundi humo humo. Kila Alhamisi lifunguliwe, hundi ziandikwe na kupelekwa kulipwa siku ileile, huku iletwe orodha tu. Alifurahi mpaka akanipa kilemba kipya. Fundi akachonga sanduku la mninga lenye tundu juu, likatiwa kufuli la Ulaya, likaenda.

Juzi ndugu yake kaandika: wateja wamelipenda mno, limejaa, hundi zinachungulia tunduni, na anauliza alifungulie nini. Mama Asha, funguo zote mbili ziko Songea! Tajiri haamini mtu, hata nduguye. Mmoja ameufunga kiunoni, wa pili ameufungia kashani, na mimi na akili zangu sikukumbuka kuuliza.

Mzee Komba, mnyapara wa wapagazi wetu, alicheka mpaka akakaa chini.

"Si mlivunje tu, karani?"

"Livunjwe kufuli langu la Ulaya?" tajiri akaja juu.

Kumpa tarishi ufunguo hataki. Kumpa Mzee Komba hataki.

"Basi mpe huyu," mzee akasema. "Kuandika anajua, na mke wake yuko kulekule. Atakimbilia wapi?"

Tajiri akaufungua ule wa kiunoni, akanivisha shingoni kwa mkono wake. Jumatatu naondoka na wapagazi. Na siji kutembea tu: nitakaa Lindi, nilifungue sanduku kila Alhamisi na kuandika mwenyewe. Usihofu, njia imetulia tangu vita viishe.

Barua hii inatangulia na tarishi wa boma. Nisalimie mama, na shangazi muuza maandazi. Kaka yako mwambie namshukuru kwa kunilelea, ila ubaba wake unakwisha nikifika. Naye Asha mwelekeze: mtu atakayeingia uani na vumbi la safari, ufunguo unaning'inia shingoni, huyo ndiye baba.

Mumeo,
Salumu