Folda Iliyokataa Kufutwa

Lanet, Nakuru
Jumapili baada ya kanisa

Baba mpendwa,

Chamgei. Natumaini barua hii inakukuta na nguvu zako, na kwamba baridi ya Kuresoi haijakurudishia kile kikohozi. Goti la Mama linaendeleaje? Na viazi vya shamba la chini, mmevuna au mvua bado inawazuia? Mimi ni mzima, nakula vizuri. Ninaandika kwa kalamu kwa sababu kwenye simu ungenikata katikati, na safari hii nataka unisikie mpaka mwisho.

Najua Lewis amekupigia. Amekwambia nimeiba faili za studio yake na kumwaibisha mbele ya mteja, lakini kwa kuwa mlisoma darasa moja atanirudisha kazini nikimwomba msamaha. Nawe umenitumia ujumbe kwamba nimwombe. Baba, nakuheshimu, lakini sitamwomba.

Ilikuwa hivi. Mwezi wa pili alifariki Mathenge, fundi wa kuchomelea mageti hapa Lanet. Kaka yake mkubwa, Mbugua, akaja kwetu kuchapisha kitabu cha mazishi. Unavijua vitabu hivyo: asiyetajwa humo, watu husema hakuwa wa nyumba hiyo. Mbugua aliwataja ndugu, wajomba, hata binamu walioko Marekani, ila mke hakumtaja. Kisha akamwambia Lewis kwamba kompyuta yetu ina picha za sherehe ya Mathenge ya mwaka wa 2017, na familia inaomba zifutwe. Lewis hakuuliza sababu, maana Mbugua ndiye hutuletea kazi zote za kanisa lao.

Picha zikafutwa. Folda yenyewe ikakataa. Ukiifungua ni tupu, ukiifuta kompyuta inasema kuna faili ndani inayotumika. Nilihangaika nayo asubuhi nzima mpaka nikaelewa. Kompyuta yetu ni mzee, na kila unapofungua folda kutazama picha, hujitengenezea nakala ndogo ndogo na kuziweka kwenye faili iliyofichwa, ili kesho ikuonyeshe upesi. Picha kubwa zikifutwa, zile ndogo hubaki mle. Nilipomweleza Lewis, alisema hizo ni takataka tu, nizifagie zote, halafu niizuie kompyuta isitengeneze nyingine. Kuizuia ni kazi ya dakika moja: unaingia kwenye mipangilio ya folda na kuweka alama panapokataza kuhifadhi picha ndogo.

Kabla sijafanya hivyo, aliingia Rahab, mke wa Mathenge. Alikuwa anatafuta picha za ngurario yake, ile harusi ya kimila ya Wakikuyu. Alisema mashemeji wamefunga nyumba kwa kufuli jipya na albamu yake iko ndani, na Alhamisi chifu anaandika barua ya kuwataja warithi. Mbugua anawaambia watu kwamba Rahab alikuwa wa njoo-tuishi tu, hakuolewa. Sisi tuna desturi zetu, Baba, na Wakikuyu wana zao: mwanamke aliyekatiwa kiande, ule mguu wa mbele wa mbuzi, mbele ya wazee wa pande zote, huyo ni mke na hakuna wa kumtoa. Rahab alikatiwa. Picha ndizo zilizokuwa shahidi wake. Akaambiwa hakuna kitu, akashukuru, akaondoka.

Lewis alipoenda kula, niliinakili ile faili kwenye flashi, nikaifungua kwa programu niliyoipata mtandaoni. Picha sitini na nne, kila moja kama stempu. Nikampelekea Rahab, na Alhamisi nikaenda naye kwa chifu bila ruhusa ya kazi.

Tulikuwa tumezikuza na kuzichapisha, na kusema kweli nyuso zilitoka kama viazi vilivyochemshwa vikapasuka. Mbugua alicheka, akasema hao wanaweza kuwa watu wowote wa Kenya hii. Lakini katika picha ya kiande, mwanamume aliyeshika sinia alikuwa na plasta nyeupe kutoka kiwiko hadi vidole. Mzee mmoja akamuuliza Mbugua kwa upole ni mwaka gani alianguka kutoka kwenye lori la kabeji. Ni mwaka huo huo wa 2017; ndiye aliyekuwa amemshikia ndugu yake sinia kwa mkono uliovunjika.

Hapo akageuza maneno. Akasema picha hizo zimetengenezwa na kijana wa kompyuta, na kama ni za kweli, kubwa ziko wapi? Chifu akanitazama. Baba, hili Lewis hakukwambia, na mimi mwenyewe sikukwambia. Aliyezifuta ni mimi. Niliagizwa, lakini kidole kilikuwa changu, na nilipokuwa nikizifuta nilimwona Rahab pichani akilishwa ile nyama, nikaendelea. Na aliyemwambia Rahab kwamba hakuna kitu, akimtazama usoni, ni mimi pia. Niliogopa kumwaga unga wangu.

Nikasimama nikayasema yote, siku, saa na nani aliagiza. Chifu aliandika jina la Rahab juu ya majina mengine yote. Lewis alinifukuza kabla hata sijafika studio, kwa simu.

Nimeomba msamaha mara moja tu katika jambo hili, na nilimwomba Rahab. Alisema bado hajaweza kunitazama vizuri. Sikumlaumu, na nitarudi kwake. Lakini kwa Lewis sirudi. Wewe ndiye uliyemwaga gunia zima la viazi barabarani Molo mbele ya wanunuzi, kwa sababu mtu alikuwa ameficha vilivyooza chini. Nilikuwa na miaka tisa, nikaona aibu. Sasa sioni.

Msalimie Mama, umwambie asiinue ndoo. Wasalimie Kibii na wote wa nyumbani, na Mungu awatunze mpaka nije kusaidia kuvuna. Lewis akipiga tena, mwambie kompyuta yake niliizuia kama alivyoniagiza, haitatunza tena picha ya mtu yeyote. Zile sitini na nne anazo mwenyewe Rahab, na kitabu cha kumkumbuka Mathenge mwaka ukitimia nitakitengeneza mimi, na mke wake atakuwa ukurasa wa kwanza.

Ni mimi binti yako asiyeomba msamaha,
Cheruto