Sura ya Bibi Ukumbini

Mlali, Morogoro
16 Juni 2025

Mpendwa Mjomba Severini,

Shikamoo mjomba. Mguu unaendeleaje? Mama anauliza kila siku kama umeshaacha magongo, na anasema baridi ya Sumbawanga isikuchezee, vaa sweta. Huku sote wazima, ila kabichi zimeingiwa na wadudu.

Misa ya kutimiza mwaka mmoja tangu Bibi afariki ilifanyika Jumamosi. Ilituuma kuona mama yako anaombewa na wewe hupo. Lakini acha nijisifu kidogo. Filamu ya picha zake iliyoonyeshwa ukumbini niliitengeneza mimi mpwa wako, kwa kazi yangu ileile ya studio mjini, ya kuchezesha picha na maandishi kwenye kompyuta.

Nusura niaibike. Nimezoea maharusi, na maharusi wa mjini hawataki ionekane hata chunusi moja. Basi picha za Bibi nazo nikazitia filta ya kung'arisha na ya kulainisha ngozi. Asubuhi ya misa nikamwonyesha Bibi Yuliana, mdogo wake. Akakodoa macho: "Huyu binti wa nani?" Nilipomwambia ni dada yake, akawaka. "Dada yangu alikuwa mweusi, na mikunjo yake aliipata kwa kucheka. Mkimwonyesha huyo, mimi natoka nje."

Watu walishaanza kuingia kanisani. Mwenzangu wa studio, Wilfred, ambaye huweka filta kwenye picha mojamoja, akashika kichwa akidhani tutarekebisha picha moja baada ya nyingine. Mimi filta nilikuwa nimeziweka kwenye tabaka moja tu, kama kioo kilichofunika picha zote, maana kompyuta yetu ukiizidishia mzigo inagoma. Kwa hiyo ile ya kulainisha nikaifuta, ya kung'arisha nikaishusha taratibu mpaka weusi wa Bibi ukarudi, na picha zote zikabadilika kwa mpigo. Misa ilipokwisha, filamu ilikuwa tayari. Wilfred bado anajifanya hakushangaa.

Ukumbini Bibi Yuliana alikaa mbele kabisa, kanuna. Ilipotokea ile picha ya Bibi akicheka shambani, akasimama, akasema, "Shikamoo dada." Ukumbi mzima ulilia. Nami nililia, mjomba, kwa furaha.

Nimekutumia filamu hiyo kwenye simu. Kabla hujaifungua, kaa chini kwanza. Ni mama yako kabisa.

Nisalimie binamu zangu Ezekiel na Witness. Mama na Bibi Yuliana wanakusalimu sana. Mungu akutunze huko uliko, atukutanishe tukiwa wazima.

Mpwa wako akupendaye,
Janeth